Matawi Niliyoyachungulia

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Oyugis tu wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kama umekatika kwa Yesu kama tawi kwenye mzabibu, kwa sababu huko Nakuru unaomba na husikii kitu. Hata mimi sielewi, maana siku nyingine naomba hivyo hivyo.

Nikiwa msichana, mama alinipa matawi ya viazi vitamu nipande. Kufika mchana yalikuwa yamenyauka. Basi kila asubuhi nikawa nayang'oa nione kama yametoa mizizi. Mama akaniuliza, "Unayachungulia ya nini?" Yote niliyoyachungulia yalikauka. Mstari wa mwisho wa matawi pale shambani niliusahau, na huo ndio uliotulisha.

Sijui kama hilo ni jibu. Kesho ni Sabato. Nitakuombea, na sitachungulia.

Nyanya yako