Sale Lililoachwa Kwenye Kaseti

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika nikijua marahaba yako sitaisikia, na siidai. Nimekaa mezani kwako hapa Marangu tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili, nikisubiri kitu kinishike kifuani kabla sijaanza. Hakijanishika. Basi naanza hivyo hivyo.

Unaikumbuka mashine yetu ya kupokea simu? Alikuachia yule mwalimu wa kizungu uliyempandisha mlimani mara tatu, alipokuwa anarudi kwao. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia, na ofisi yako ya kupandisha watalii pale Moshi mjini ilikuwa chumba kimoja, ramani ya mlima ukutani na simu ya mezani ya kuzungusha. Wageni walipiga kutoka kwao saa ambazo sisi tumeshafunga. Mashine ikawa inaitika kwa sauti yako iliyokakamaa kama ya mtu anayesoma somo kanisani, kisha inamrekodi mgeni kwenye kaseti: jina lake, hoteli atakayofikia, anataka kupanda lini. Ulijiona mkubwa. Ulikuwa unaita watu barabarani waje wakusikie ukiongea huku umefunga mdomo.

Halafu ukaogopa wezi. Ukamwita seremala akaitengenezea sanduku la mbao lenye tundu la kupitishia waya, ukatia kufuli. Funguo zilikuwa mbili: mmoja ulining'inia shingoni mwako, wa pili ulimpa Mzee Elirehema. Ungempa nani mwingine? Mlianza pamoja mkiwa wapagazi, mkibeba mizigo ya watu vichwani, na hata alipokuwa mkuu wa waongozaji wako hukuwahi kupanga safari bila kumuuliza. Mimi niliyekupigia taipu barua zako zote sikupewa ufunguo. "Manka, wewe una mdomo," ulisema, na waongozaji wote wakacheka. Nami nilicheka, maana ulikuwa umesema kweli.

Ila mashine ile ilikuwa na mlango mwingine, na mlango huo haukuwa sandukuni. Mwenyewe aliweza kuipigia akiwa popote, akasubiri iitike, akabonyeza namba ya siri, nayo ikamsikilizisha ujumbe wote. Akibonyeza namba nyingine, inafuta. Siri yenyewe ilikuwa tarakimu mbili tu, zimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya mashine. Wewe uliikwangua karatasi kwa wembe ukasema, "Hapo siri imekwisha." Kwa kuwa simu zetu hazikuwa na vitufe, mwalimu alikuachia pia kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, cha kuweka kwenye mdomo wa simu kitoe milio ya vitufe. Ulikiona kama cha kuchezea watoto. Ukanipa mimi.

Jumapili moja ya mvua nilikuwa Kiboriloni kwa Shangazi, nilikokuwa naishi. Joisi alikuja kunitembelea, rafiki yangu niliyesoma naye uhazili, wakati huo karani wa ofisi nyingine ya watalii. Tulikuwa hatuna la kufanya. Nikamwambia, "Ngoja nikuonyeshe kitu," nikaipigia ofisi yako kwa simu ya dukani kwa Shangazi. Namba ya siri sikuijua. Nikaanza na sifuri sifuri, sifuri moja, sifuri mbili. Nikikosea, mashine haikukasirika wala haikuuliza we nani. Muda wake ukiisha inakata, napiga tena, naendelea nilipoishia. Nilipofika thelathini na saba ikafunguka, nikasikia mgeni fulani akitaja jina la hoteli.

Joisi alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani mzee ametia kufuli mlangoni, dirisha ameliacha wazi!"

Nilijisikia mjanja sana, Baba. Sikuwa nakuibia wala sikuwa na kinyongo. Nilitaka tu mtu aone kwamba niliyenyimwa ufunguo nimeingia bila ufunguo. Sikuwaza kwamba ofisini kwa akina Joisi walikuwa na simu mpya ya vitufe.

Haukupita mwezi, wageni wakaanza kupotea. Unapiga hotelini asubuhi, mgeni anashangaa: "Lakini mmeshanipigia, nimeshakubaliana nanyi." Wa kwanza ukasema bahati mbaya. Alipopotea wa tano, ulimwita Mzee Elirehema mbele ya waongozaji wote.

"Sanduku lina funguo mbili," ulimwambia. "Wangu huu hapa. Wa pili uko wapi?"

Akautoa mfukoni akauweka mezani. "Huu hapa, kaka. Na mimi niko hapa. Niulize."

Hukumuuliza. Ulisema kikulacho ki nguoni mwako, ukamwonyesha mlango. Alichukua kofia yake akatoka bila kuubamiza. Mimi nilikuwa kwenye taipu, mita mbili kutoka kwenu, na karatasi niliyokuwa naiandika niliimaliza bila kosa hata moja.

Siku hiyo hiyo nilimfuata Joisi nikamuuliza. Hakukana. Alisema alimwonyesha bosi wake kwa utani tu, kisha bosi akaizoea. Kesho yake, ulipofungua sanduku ukatoka kidogo, niliigeuza mashine nikabadilisha namba kwa kigurudumu kilichokuwa chini yake. Wageni wakaacha kupotea. Nilidhani nimetengeneza, kumbe nimemalizia kumzika mwenzako. "Unaona?" uliniambia. "Tangu aondoke, hajapotea hata mmoja." Nikaitikia, "Naona, Baba." Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Tangu hapo nikawa mlinzi wa mashine. Kila asubuhi, kabla hujateremka mjini, nilipiga kutoka dukani kwa Shangazi kuhakikisha hakuna aliyeichezea. Asubuhi moja ya Jumamosi nikakuta ujumbe mmoja tu, na haukuwa wa mgeni.

Wewe huhitaji kuelezwa sale ni nini, ila hii ni barua ya wazi, na kuna watakaoisoma ambao hawakuzaliwa mlimani. Ni jani la mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zetu. Aliyemkosea mtu hulifunga fundo, akampelekea mtu huyo, au akamtuma mtu amfikishie. Likishafika, halikataliwi. Hata kama kosa ni la damu, unasamehe. Anayelikataa hutengwa na watu mpaka kufa.

Mzee Elirehema aliongea polepole, kama mtu asiyeamini kaseti. Nayakumbuka maneno yake yote.

"Kaka, watu wote niliowatuma umewakatalia mlangoni. Mashine haiwezi kunifukuza. Nimeshika sale mkononi hapa ninapoongea. Sikukuibia. Lakini kama kuna nilipokukosea bila kujua, hili hapa. Kesho baada ya ibada nitakuwa njia panda ya kanisani kwenu. Ukija, nitajua umelipokea. Usipokuja, nitajua pia."

Nilikuwa na kidude mkononi. Niliwaza kwamba mkikaa pamoja mtaulizana, na mkiulizana vizuri mtafika kwangu. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nikabonyeza. Nikasikia kaseti ikirudi mwanzo, nikaweka simu chini, Shangazi akaniuliza kama nitakunywa uji. Nikanywa.

Jumapili nilikuja nyumbani Marangu; wewe ulishinda kwa jirani, mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi, ukisimulia jinsi ulivyowahi kumbeba mgeni mgongoni. Nilipotoka kanisani nilipita njia panda. Alikuwa amesimama pale, amevaa koti lake la harusi. Nikamwamkia, akaitikia.

"Baba hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Haya. Msalimie."

Salamu zenyewe sikuzifikisha.

Uliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipotaka kukwambia niliona leo si siku nzuri. Ulipougua niliona nisikuongezee. Ulipofariki watu walijaa kihambani mpaka wakakosa pa kukaa, isipokuwa yeye. Huku kwetu mtu anaweza kukosa harusi ya mwanao ukamsamehe. Msiba ni habari nyingine. Watu walisema Elirehema ana roho ngumu. Nilikuwa nagawa chakula. Nilimjazia sahani kila aliyesema hivyo, nikaenda kwa anayefuata.

Wiki iliyopita nilisikia amerudishwa nyumbani kwake Kirua Vunjo kutoka hospitali, na kwamba hatarudishwa tena huko. Nikakata sale mpakani, nikalifunga fundo, nikaenda mwenyewe bila kumtuma mtu. Nilimkuta ameketi barazani, amejifunika blanketi. Nilipiga magoti nikamweleza yote: Joisi, kidude, thelathini na saba, na kaseti. Nilitegemea nitalia. Sauti yangu ilitoka kavu, kama namsomea tangazo. Nilijichukia kwa hilo, kisha hata kujichukia kwenyewe kukaisha.

Akauliza, "Kwa hiyo hakusikia?"

"Hakusikia, Mzee."

"Mimi nimemhesabu miaka yote hii kuwa mtu aliyekataa sale." Aliyasema akiangalia mikono yake. "Watoto wangu niliwakataza msiba wake. Nilikaa hapa hapa siku ile, nasikia kengele ya kanisa letu, nikajiambia inanihusu nini."

Nikamnyooshea jani. Alilichukua, akalilaza juu ya blanketi.

"Nimelipokea," alisema. "Sale halikataliwi. Usiniulize moyo unasemaje, huo hauna desturi."

"Aika, Mzee," nikamshukuru. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kuinuka. Akanishika mkono. Ana nguvu bado, Baba, mkono wa mpagazi haufi haraka.

"Angesikia, angekuja njia panda?"

Ilikuwa sekunde moja tu. Nilimwona alivyokonda, nikaona neno analolitaka, na lilikuwa rahisi kulitoa. Nikamwambia, "Angekuja, Mzee. Angekuja mbio."

Akauachia mkono wangu.

"Manka," alisema, bila ukali. "Ulishamjibia baba yako mara moja. Usimjibie tena."

Nilishuka kwa miguu mpaka barabarani. Tangu siku ile najaribu kukuona ukiusikia ule ujumbe, umeegemea sanduku, ufunguo shingoni. Wakati mwingine nakuona unavaa koti. Wakati mwingine unafunga sanduku unaniambia nilete chai. Nilikujua maisha yangu yote, na hili silijui, wala hakuna tena wa kumuuliza. Nimemtuma mtu amwambie Mzee Elirehema hivyo hivyo: kwamba sijui.

Lala salama, Baba.

Ni mimi, binti yako,
Manka