Kamba ya Mshale Niliifunga Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa jambo ambalo hata pasta wetu sijamwambia.

Mimi nilizaliwa Sirisia, na baba yangu alikuwa akivua kambare kwa upinde na mshale, miaka ile ya themanini na moja, themanini na mbili, mvua ikinyesha mto unapanda mpaka kwenye nyasi na samaki wanakuja kutaga mayai kwenye maji ya magotini, na mimi ndiye niliyebeba kikapu kwa sababu ndugu zangu waliogopa baridi. Mpaka leo nikifunga macho nasikia mshale ukiingia majini, chubwi, kisha baba anavuta kamba polepole huku akicheka peke yake. Alinifundisha kulenga chini ya samaki kwa kuwa maji hudanganya jicho, lakini kufunga kamba alinikataza. "Wacha, mama," aliniambia, kwani nina jina la mama yake, "hiyo nitafunga mwenyewe. Kamba mbaya inareta kirio." Alipofariki ndugu wakagawana shamba na ng'ombe, mimi nikaomba upinde tu, wakanicheka, nikaja nao hapa Tuwan nilipoolewa.

Sasa mwezi wa nne mume wangu Kemboi akasema, "Si unifundishe hiyo kitu ya mzee wako?" Mshauri, nilifurahi mpaka nikaimba. Nikafunga kamba ya nailoni nyuma ya mshale, na mwisho wake nikamzungushia Kemboi kwenye mkono ili mshale usipotee. Tulipofika mtoni akavuta, akaachilia, kamba ikanasa kwenye uzi wa upinde, mshale ukageuka hewani ukampasua juu ya jicho, damu ikajaa uso. Daktari alisema ingekuwa chini kidogo, upana wa punje ya mahindi, jicho lingekwenda. Mama mkwe akauliza kulitokea nini, nami nikasema, "Aliteleza." Kemboi naye hakuona chochote, akaamini. "Ni kweli, mama," akasema, "miguu yangu ni ya shamba, si ya mto."

Sasa amepona, amenunua gambuti asiteleze tena, na mwezi wa nane anataka twende na dada yake Cheptoo, naye ajifunze. Nichome upinde? Tununue vifaa vipya, na ni vipi vilivyo salama? Nikiuchoma nitakuwa nimemzika baba mara ya pili.

Nanyama, Tuwan, Kitale, 1993

JIBU

Nanyama, pole kwa baba, na pole zaidi kwa Kemboi. Upinde usiuchome, haukusema uongo. Lakini mti uliokauka miaka mingi hupata nyufa zisizoonekana, kwa hiyo utundike sebuleni, hapo utamkumbuka baba bila kumwumiza mtu.

Kwanza ulizeni ofisi ya uvuvi kama mnaruhusiwa. Kisha mchongewe upinde mpya, mwepesi, ambao Cheptoo ataweza kuuvuta na kuushikilia ahesabu mpaka tano bila mkono kutetemeka. Wanaoanza hupenda upinde mgumu kwa sifa tu. Mshale uwe mzito, umenyooka, chembe chake, ile ncha ya chuma, kimekazwa vizuri. Ukiwa na ufa, uvunje uwe kuni. Kamba iwe ya kusokotwa, imara, isiyovutika. Mpira hapana kabisa, utaurudisha mshale usoni. Ifunge karibu na chembe, ipite mbele ya upinde, mbali na uzi, na iliyobaki izungushe kwenye kopo lililofungwa kwenye upinde. Mkononi mwa mtu kamwe! Ulimfunga mumeo kama mbuzi, dada yangu.

Mpigaji avae miwani ya kazi, ya zile za mafundi, na ngozi kwenye vidole. Alenge chini majini, karibu, na wengine wote wakae nyuma yake. Penye watu wanaooga au kuchota maji, ondokeni.

Hayo yote ni bure usipomwambia Kemboi ukweli. Mtu anayeamini aliteleza huangalia miguu yake, haangalii kamba, na siku moja atamfunga Cheptoo vilevile ulivyomfunga yeye. Mwambie leo, mkiwa wawili, kisha mwende pamoja kwa mama mkwe ukamwambie na yeye. Usilie ili ubembelezwe. Kemboi akikasirika mwache, kovu ni lake. Akiuliza, jibu. Na akisema mwaka huu haendi mtoni, basi hakuna kwenda.