Siku Kiherehere Alipoitwa Barazani

Chumba cha mwisho, ghorofa ya chini
Jumapili, baada ya chai

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, goti limetulia, na wifi yangu hajapata sababu ya kukugombeza leo. Mimi nipo. Moyo wangu, kwa maneno ya daktari, umechoka kuliko mwenyewe, na ameniambia kwa adabu zote kwamba nisipange mambo ya mwaka ujao. Nimemshukuru. Nakula kidogo, nasinzia sana, naandika nusu ukurasa kisha napumzika. Ukiona mwandiko unayumba, usidhani nimeandikiwa na mtu. Ni mimi yuleyule niliyekufundisha kushika kalamu, nawe ukaivunja.

Wifi ameniambia kwamba hupokei simu za binti yako tangu alipoitwa mbele ya baraza la washauri nasaha. Amesema ulimwandikia huyo Kiherehere wetu maneno mafupi: akubali kosa, aombe radhi, asilitie doa jina ambalo shangazi yake alilitunza kazini kwa miaka thelathini na moja. Hukuja barazani. Mimi nilikwenda, na ninataka uione siku ile kwa macho yangu.

Kwanza kesi yenyewe, maana najua umeisikia vipande vipande. Mteja wake ni fundi wa lifti, mtu mzima, aliyeanza kuja kituo chao cha ushauri baada ya kufiwa na mke. Siku ile alikuja amenyoa ndevu, amechangamka, akasema mambo yote sasa ni shwari. Kiherehere akamuuliza waziwazi, kama tunavyofundishwa, kama anafikiria kujiua. Fundi akacheka, akasema hapana mwanangu, usinizushie. Mshauri mwingine angeandika kwamba amekana, akafunga faili na kumwita anayefuata. Lakini katika maongezi yule fundi alikuwa ametaja, kama kwa utani, kwamba amempa mwenzake wa kazini sanduku lake lote la vifaa, na kwamba amemwelekeza jirani namna ya kumlisha paka wake. Hakuwa na likizo, hakuwa na safari, wala hakuwa amepata kazi nyingine. Basi binti yako akamuuliza mara ya pili kwa njia nyingine: Jumatatu atafanyia kazi vifaa vya nani? Fundi akasema kweli: hakukusudia kuifikia Jumatatu hiyo.

Hapo Kiherehere akamwambia kwamba jambo hilo hawezi kulibeba peke yake. Akamkumbusha karatasi waliyoisoma pamoja siku ya kwanza, ambayo fundi aliitia sahihi, inayosema siri yake italindwa isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini. Akampigia simu kaka yake fundi, na alimpigia mbele ya fundi mwenyewe, si nyuma ya mgongo wake. Akamwita mkuu wa kituo. Akaketi na mteja kwa muda wa saa mbili na nusu mpaka kaka akafika, wakaenda wote hospitali. Kisha, kabla hajavaa hata koti lake, akaandika kila kitu kwenye faili, saa kwa dakika.

Fundi alilazwa wiki tatu. Alipotoka akakuta kazini kila mtu anajua, kwa sababu kaka yake ana mdomo mrefu. Akaona aibu, aibu ikawa hasira, akamshitaki Kiherehere kwa kutoa siri yake. Mimi simlaumu. Mtu aliyetolewa kwenye moto bila nguo ana haki ya kuuliza nguo zake ziko wapi.

Siku ya baraza tulipanda lifti moja, mimi kwenye kiti changu cha magurudumu na yeye mlalamikaji, bila yeye kujua mimi ni nani. Akasikiliza inavyolia, akaniambia, Mama, hii beringi zake zimekauka grisi, mtu haangalii. Nikasema moyoni, huyu bado anajali kitu, kazi ya mwanetu hiyo.

Wakili wake alikuwa kijana mrefu mwenye koti la kubana. Hakuja na maneno mengi, alikuja na kitabu cha maamuzi ya zamani. Akasoma ule uamuzi unaoujua kwa moyo: mshauri akimuuliza mteja kuhusu kujiua, na mteja akakana, mshauri ametimiza wajibu wake, na siri ibaki siri. Ni uamuzi uliotoka katika kesi yangu, ule unaofundishwa vyuoni, ule uliowasomea wageni wako kila nilipokutembelea mpaka nikawa naona haya. Wakili akauliza, kwa sauti ya kumhurumia binti, kama shangazi mtu aliliheshimu jibu la mteja wake, mpwa amepata wapi kiburi cha kutoliheshimu?

Laiti ungemsikia mwanao. Hakupandisha sauti. Alisema mdomo wa mteja ulisema hapana na sanduku la vifaa lilisema ndiyo, na kwamba sheria inamtaka achukue hatua inayofaa kumlinda mtu, haimtaki aamini jibu linalomrahisishia siku yake. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani machoni na nyingine kichwani, akamuuliza kama anajuta. Akasema anajuta jambo moja: hakumwambia kaka wa mteja kwa maandishi ni nani anayeruhusiwa kuambiwa na nani haruhusiwi, na aibu iliyompata mteja ilipitia mlango huo alioacha wazi. Kuhusu kupiga simu, hajuti. Wakitaka leseni yake ataikabidhi siku hiyohiyo, maana yeye ni afadhali achukiwe na mtu aliye hai. Fundi akaangalia viatu vyake. Mimi nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka niko wapi, nikajifanya nakohoa.

Lakini nimekaa kwenye mabaraza ya namna ile mara nyingi, najua kusoma nyuso. Wajumbe walikuwa upande wake. Kitabu hakikuwa upande wake. Mwenyekiti alirudi kwenye ule ukurasa mara tatu, na kila mara aliinua uso akiwa na huzuni zaidi. Walikuwa wanakwenda kumnyang'anya leseni kwa sababu ya uamuzi wangu. Ndipo nikainua mkono.

Wifi anasema umesikia kwamba nilizungumza, na umedhani nilimwombea mpwa wangu huruma kwa heshima yangu. Hapana. Kama umesimama, mdogo wangu, kaa chini.

Mteja wa kesi yangu alikuwa mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali, mwanamke mpole, mwenye kucheka akiziba mdomo. Siku ya mwisho kuja kwangu, katikati ya kiangazi, jua kali, alinipa mwavuli wake mpya. Alisema mimi natembea sana, yeye hatauhitaji tena. Kanuni ya kituo chetu ilikuwa hii: mshauri akiliuliza lile swali na akajibiwa ndiyo, haruhusiwi kumwachia mteja atoke mpaka mtu wa pili amejulishwa. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Kwenye benchi la nje walingoja watu wanne. Mkuu wa kituo alikuwa ametoka, na simu ilikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa. Nilijua nikiuliza nitajibiwa ndiyo. Nilijua vizuri kabisa, kama ninavyojua sasa kwamba naandika. Kwa hiyo sikuuliza. Nisipojua, sheria haina la kunidai. Nikamshukuru kwa mwavuli, nikamwambia tuonane Alhamisi.

Alijiua Jumanne.

Habari ziliponifikia nilifungua faili lake na kuongeza mstari mmoja, kwa wino uleule, kwa tarehe ya siku ile: Nimemuuliza kuhusu kujiua, amekana. Baraza la wakati ule liliusoma, likaniondolea lawama, likajenga uamuzi mzima juu yake. Vijana wamefundishwa miaka yote hiyo kwamba mteja akikana imetosha, na yule hakukana chochote, kwa sababu hakuulizwa. Hayo ndiyo niliyowaambia wajumbe. Mwenyekiti akavua miwani zote mbili. Akaniuliza kama nina wakili, nikamjibu kwamba nina daktari.

Utaniuliza kwa nini nilikaa kimya. Mwanzoni kwa hofu. Baadaye kwa heshima mliyonipa, nayo ilikuwa tamu. Sitakudanganya pia kwa upande wa pili: baada ya mpiga chapa yule sikumwacha mtu atoke bila kumuuliza. Hata fundi bomba aliyekuja kuziba sinki nilimhoji mpaka akasahau spana yake. Wapo watu wanaolea wajukuu leo kwa sababu niliuliza, na kwa hilo najivunia, siombi radhi. Lakini hao hawamfuti yule mmoja. Ana mdogo wake wa kike, sasa naye ni mzee, aliyeishi akiamini kwamba dada yake aliulizwa, akadanganya, akaondoka bila kutaka msaada. Barua ya kwanza nimemwandikia yeye. Hii yako ni ya pili. Hajanijibu, na si lazima anijibu.

Juzi baraza limetoa uamuzi. Kiherehere hana hatia. Wameagiza kwamba kuanzia sasa kila ndugu anayeitwa apewe kwa maandishi maelezo ya kutunza siri, kama alivyosema yeye mwenyewe. Uamuzi wa zamani umefutwa kitabuni, na jina langu limeondolewa kwenye orodha ya heshima. Mengine yanayonihusu watayajadili mwezi ujao, nikiwepo.

Fundi alitupita kwenye korido siku ile ya shauri akiwa na kaka yake. Alimwambia Kiherehere kwamba bado amemkasirikia sana. Kisha akauliza kama kituo kinafunguliwa Jumamosi, na kama kuna mshauri mwingine, ikiwezekana mwanamume, asiye na maswali mengi. Binti yako akamwandikia jina na saa kwenye karatasi, akampa kwa mikono miwili.

Walipoondoka, alichuchumaa mbele ya kiti changu. Nilidhani atalia au atanilaumu, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Akanishika magoti, akaniuliza waziwazi, Shangazi, baada ya kuyasema haya, unafikiria kujidhuru? Nikamwambia hapana, nasubiri zamu yangu kama watu wengine. Hakuridhika. Akauliza nani atalala nyumbani kwangu wiki hii, dawa zangu anatunza nani, na kesho saa nne nitakuwa nafanya nini. Alingoja jibu la kila swali. Miaka yote nimewafundisha watu kazi hii, sijawahi kuiona ikifanywa vizuri namna ile, na aliyekuwa akifanyiwa ni mimi.

Basi mpigie simu, mdogo wangu. Usianze na habari zangu wala usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Mwambie tu umesikia alivyolijibu baraza. Ukiwa na hasira, na una haki nayo, nikasirikie mimi, ila fanya haraka kidogo.

Nisalimie sana wifi, na wajukuu wote kwa kufuata umri wasije wakagombana. Jirani yangu anakusalimu, ingawa bado anadai ulimwibia mchezo wa karata. Kaa kwa amani, uangalie goti.

Ni mimi,
Dada yako