Kipanya cha Difu Mbili

Jumatatu, 3 Novemba 2014 — Kibondo
Nimeandika INAUZWA ubavuni mwa gari, na namba ya simu. Rangi ikaishia hapo. Kipanya, Hiace ya 1982. Bodi niliinunua kuku wakitagia ndani. Difu ya mbele, ya kufanya magurudumu ya mbele nayo yavute, ilitoka kwenye Hilux iliyopinduka. Jumla ilinila milioni nne na laki moja na arobaini. Miaka mitano imebeba maharage yangu toka Kasanda, njia ambazo malori yalilala.
Shemeji Raymond kapita, kacheka. Shemeji, chotara huyo nani atamwoa? Akataja milioni mbili na nusu, bei ya chuma chakavu. Huyu ndiye aliyesema mwanamke hamiliki gari. Nilimpa chai. Bila sukari.

Jumanne, 4 Novemba
Abbasi kapiga toka Kasulu. Fremu yake ya duka sokoni ananishikia mpaka Jumamosi saa sita mchana. Kilemba cha kuingilia milioni sita. Ikipita hapo anampa muuza simu. Miaka kumi na moja nauza chini ya turubai. Nataka mlango wenye kufuli.
Gari siliachi chini ya sita na nusu.

Alhamisi, 6 Novemba
Mteja — kapatikana, kapotea. Sista Consolée, Mkongo wa Bukavu, yuko zahanati ya masista Nyakitonto. Kaona maandishi, kasimama. "Mama, hii iko katkat?"
Kati-kati? Nikasema hapana Sista, iko mbele, chini ya kiti. Injini nimeikalia miaka mitano, joto lake nalijua.
Akanitazama kwa huruma. Aksanti Mama, basi haitatufaa. Bei hata hakuuliza.

Ijumaa, 7 Novemba
Antoinette, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, muuza vitenge, kaja kuchukua maharage. Nikamsimulia. Akacheka mpaka akakalia gunia. "Mama Elieth, katkat njo nne kwa nne! Kifaransa. Kakuuliza kama inavuta mbele na nyuma, we ukamwambia hapana!"
Nimemkana mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe.
Sista ni mteja wake wa vitenge, namba anayo. Nikapiga, nikaeleza. Sista kacheka naye. Kesho niende: wana kilima chao, njia ya zahanati, gari likikipanda ananilipa sita na nusu palepale.

Jumamosi, 8 Novemba — Nyakitonto
Saa nne kasoro. Imenyesha tangu alfajiri. Kilima udongo mwekundu, sabuni tupu. Lori la mihogo limekwama katikati yake tangu jana.
Nilishuka kufunga habu za mbele kwa mkono ili difu ya mbele ishike, matope magotini. Nikarudi kushika usukani, Sista akakataa. Siku zote nitaendesha mimi, Mama, acha nijue leo. Kaenda peke yake.
Nimesimama hapa, viatu mkononi, daftari juu ya gogo. Gurudumu la mbele liliteleza. Likauma. Kalipita lori, dereva wake kaacha koleo: hicho kipanya au mbuzi?
Kavuka kilele. Haonekani.
Dakika nane. Abbasi kapiga, eti muuza simu kafika na fundi rangi. Nimemwambia saa sita ni saa sita. Na mimi rangi napenda ya bluu.
Dakika kumi na mbili. Honi huko juu, ndefu. Dereva wa lori anasema kakwama huyo, tumfuate na kamba. Namwambia tulia. Injini naisikia, gia ndogo, haihangaiki. Ila sijajua bado, inarudi kwangu ikiwa bado yangu, au inaendelea kwao zahanati imeshauzwa—