Shemeji Anasema Bwawa Litaganda

Jumatano, Julai. Ukungu umetukalia hapa Masama tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Nimevaa sweta mbili, soksi za mume wangu, na moyo mbaya.

Ndiyo, moyo mbaya. Acha niandike ukweli, maana hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna wa kunibishia. Tangu Jumapili namshuku shemeji yangu, na nimemshuku kwa bidii, hata nikiwa nakamua ng'ombe.

Shemeji Godlisten ni mdogo wake mume wangu, kitinda mimba wa nyumba hii. Kwetu Wachagga kitinda mimba ndiye anayerithi kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Kwa hiyo hapa ninapokaa ni kwake. Nyumba yetu iko kwake, mama mkwe anaishi kwake, na marehemu baba mkwe amelala kwake, pale nyuma ya migomba. Yeye mwenyewe yuko Norwei, aliondoka kijana mdogo, mara tu baada ya kumaliza shule. Huko anatunza mabwawa ya kuogelea ya hoteli moja. Ndiyo maana alipopata uwezo akatujengea hapa nyumba ndogo ya wageni, na akachimba bwawa. Watu wa kanisani walicheka sana. Bwawa la kuogelea Masama, juu huku Kilimanjaro karibu na msitu! Lakini Wazungu wakishuka mlimani miguu inawawaka moto, wanajitosa humo wakipiga kelele, sisi tumesimama pembeni na makoti yetu tunawaombea.

Mimi ndiye msimamizi. Na kazi naipenda, sitaki kudanganya.

Sasa Jumapili natoka kanisani, simu inalia, ujumbe wa sauti kutoka kwa shemeji. Hakuna utani, hakuna "shemeji umependeza", anaanza moja kwa moja. Zima pampu ya bwawa. Toa maji yote kwenye pampu na kwenye chujio. Fungua vile vizibo vya chini, viingize ndani ya nyumba, vifiche visipotee. Mabomba yote yaliyo nje yafunge magunia. Na wageni uwaambie bwawa limefungwa mpaka baridi iishe.

Sababu? Eti maji yataganda, mabomba yapasuke.

Nilisikiliza mara ya kwanza nikacheka. Nikasikiliza tena nikaacha kucheka.

Maji kuganda Masama! Nimeolewa hapa nikiwa msichana, nimezeeka hapa, nimeamka alfajiri za Julai zote kukata majani ya ng'ombe, vidole havisikii, pua inachuruzika. Baridi ipo, tena ya kukera. Lakini maji kuwa jiwe? Hayo yanatokea kule kileleni, mume wangu ni mwongoza wageni, ananisimulia jinsi chupa zinavyoganda hemani. Hapa kwetu, hata maziwa ukiyasahau nje yanachacha tu.

Kwa hiyo nikajiuliza. Mtu mwenye akili zake, tena fundi wa mabwawa, anatoa sababu ya kitoto hivi kwa nini? Na kwa nini sasa, Julai, wakati ndio wageni wanajaa? Ijumaa mume wangu anashuka na kundi zima, na bwawa ndilo alilowaahidi tangu wanaanza kupanda.

Jibu lilinijia naosha vyombo. Anauza.

Anafunga biashara polepole ili tusishtuke. Leo bwawa, kesho vyumba, keshokutwa anakuja mtu na karatasi anatuuliza ng'ombe wetu tunawahamishia wapi. Mwanamke mmoja ninayemfahamu wa Kwa Sadala alijua shamba limeuzwa siku alipoona watu asiowajua wanashusha nguzo za uzio mlangoni kwake. Na shemeji zake walikuwa wanampigia simu kila wiki, wanamuuliza hali ya kuku kana kwamba hakuna jambo.

Mume wangu yuko mlimani, simu haipatikani. Nikabaki na mawazo yangu, nayo nikiyaachia peke yake hayanaga adabu.

Jumatatu ndiyo yakaota mizizi. Wamekuja wanaume wawili na futi ya kupimia. Hata chai hawakutaka. Wakapima bwawa urefu, wakapima upana, wakapima na majani ya pembeni, wakapigilia vyuma vinne ardhini, kila kona kimoja. Nikawauliza ninyi ni wa nani. Mmoja akanijibu, "Mama, sisi tumetumwa tupime tu, mengine muulize mwenye mali."

Mwenye mali!

Walipoondoka tu nikaving'oa vile vyuma vyote nikavitupa zizini, chini ya samadi. Wakirudi wamuulize ng'ombe.

Halafu nikaenda kumwambia mama mkwe. Hapo ndipo nilipokosea, ila Jumatatu nilijiona shujaa. Mama alikuwa anakunywa mtori wake wa ndizi jikoni. Nilimweleza yote, pampu, vizibo, futi, vyuma. Aliweka bakuli chini, hakulimaliza. Akaniuliza, "Na baba yao je, atauzwa naye?" Akajifunga kitenge, akaenda kusimama kule nyuma ya migomba muda mrefu, na mvua ya rasharasha inamnyeshea. Aliporudi alipita moja kwa moja kwa mzee wa ukoo. Kikao kimepangwa Jumamosi. Ajenda ni Godlisten.

Na pampu je, niliizima?

Thubutu. Nilifanya ujanja. Niliifunga magunia, juu yake nikasokota majani makavu ya migomba kama mtu anayefunga ndizi za kuivisha, halafu nikaweka blanketi kuukuu, nikapiga picha, nikamtumia shemeji. "Tayari, bwana mkubwa." Akanijibu kwa vidole gumba vitatu. Humo ndani ya mablanketi pampu ilikuwa inanguruma kama kawaida. Nilijisifu mwenyewe. Nikasema huyu Mnorwei kapatikana.

Jana saa ya chai nikasikia harufu ya kuungua. Nilidhani ni jikoni. Kumbe ni pampu. Mashine inahitaji kupumua, na mimi nimeivalisha kama mtoto wa kipaimara! Nimekimbia, nimezima umeme, nimerarua magunia, majani yameanza kuwa meusi, chuma kinaunguza mkono. Ningechelewa kidogo tu ningekuwa nimeichoma mwenyewe, na huo moto ungefika kwenye paa la mbao. Nilikaa chini kwenye majani mabichi, nikamlaani Godlisten kwa Kiswahili na kwa Kichagga. Nilimlaani yeye, lakini aliyeifunga alikuwa ni mimi.

Tangu jana pampu imezimwa. Leo maji yameanza kuwa na ukijani. Ijumaa haiko mbali.

Basi leo nikasema potelea mbali, wacha tuulizane. Nimempigia mchana huu, wageni wamekwenda kutembea kwenye maporomoko. Sikumsalimia vizuri. Nikamwambia, "Shemeji, sema ukweli mbele ya Mungu. Unauza kihamba?"



Akauliza, "Nani kasema?"

Nikamwaga yote. Nikamwambia hakuna mtu anayefunga bwawa Julai kwa ajili ya barafu, labda awe anawadanganya watoto. Nikamwambia habari ya wale wapimaji na vyuma vyao. Nikamwambia na kikao cha Jumamosi, ili ajue hatujalala.

Akasema, "Wale ni mafundi turubai wa Kiboriloni, shemeji. Nimeagiza turubai la kufunika bwawa. Vyuma ni vya kufungia kamba."

"Turubai la nini?"

"La theluji."

Jamani. Sikujua nicheke au nimtukane. Nikamwambia hebu acha mzaha. Akaniambia subiri, akanitumia picha ya simu yake, ile programu ya hali ya hewa. Imeandikwa Kilimanjaro. Chini yake hasi saba, na kialama cha theluji. Akasema kila asubuhi kabla ya kazi anaangalia hali ya hewa ya nyumbani, hajawahi kukosa, na mwezi huu amekuwa akiona namba hizo hapati usingizi. Kule kwake baridi iliyopita pampu ya hoteli iliganda ikapasuka akiwa zamu, maji yakajaa chumba kizima cha mashine, nusura afukuzwe. Alikuwa anawaza bwawa letu, na sisi hatujui hata kizibo kinafunguliwaje.

Nikamwambia, "Shemeji, hiyo ni ya kileleni. Kibo! Wewe umeandika jina la mlima, nayo imekupa mlima."

Nikasikia anabonyeza simu yake.

Halafu akasema kwa sauti ndogo, sio ile ya kutoa amri, "Lakini mimi nakumbuka majani yakiwa meupe asubuhi. Tukienda shule. Miguu inauma."

Umande, nikamwambia. Ule ni umande.

"Nilidhani ilikuwa barafu," akasema.

Nimejaribu kuhesabu Julai alizowahi kuja nyumbani tangu aondoke, sikupata hata moja. Godlisten ni kama Wachagga wote, anakuja Desemba, kwenye jua, kwenye nyama, pombe ya mbege na harusi za watu, halafu huyo anaondoka. Baridi ya hapa anaijua ya utotoni tu, peku, tumbo halijashiba. Hiyo ndiyo aliyoibeba mpaka Norwei, na huko kila akiona baridi mpya anaiongezea na ile ya zamani.

Mimi nilikuwa bado sijatosheka. Ndivyo nilivyoumbwa, nikishika jambo siachii hata likiwa limekwisha kufa mkononi. Nikamwuliza tena, kwa hiyo huuzi?

Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha mtu aliyefurahi. Akaniambia, "Shemeji, nikiuza hapo, mimi nitazikwa wapi?"

Simu nilikata mimi. Nilisema kuna mgeni ananiita. Hakukuwa na mgeni.

Nikatoka nikaikagua pampu, nikahakikisha vizibo vimekaza, nikawasha. Ilikohoa kidogo, ikakubali. Mungu ni mwema hata kwa wajinga. Wanaume wa turubai nimewapigia nikawaambia wasije, na vyuma vyao nitavichimbua kwenye samadi, nitavisafisha kwanza. Waliuliza kwa nini viko kwenye samadi. Nikasema ni mambo ya huku juu.

Kazi kubwa ilikuwa mama mkwe. Kumpaka mtu ubaya ni dakika, kumfuta ndio shughuli. Nilimkuta anachambua maharage. Nilimweleza taratibu: mwanao hauzi, mwanao alidhani bwawa litaganda. Nilitegemea acheke. Nilikuwa hata nimejiandaa kucheka naye, na baada ya hapo tukamwambie mzee wa ukoo avunje kikao, yaishe.

Hakucheka. Aliuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Alidhani kunaganda? Hapa? Hapa alipozaliwa? Nikasema ndiyo, Mama. Akaendelea kuchambua, ila niliona anatupa maharage mazima pamoja na mabovu.

Nilitamani nimwambie kwamba ni kosa la simu. Si kweli, na yeye si mtoto. Siku tatu hizi nilikuwa namtisha kwamba Godlisten ataiuza ardhi. Leo nimemletea habari njema, na sura yake imekuwa mbaya kuliko Jumatatu.

Mwishowe akasema, hakuniangalia, "Mwandikie. Mwambie asingoje Krismasi. Aje sasa hivi, baridi bado ipo."

Nimemwandikia hivyo hivyo, neno kwa neno, sikuongeza langu. Kesho asubuhi nampeleka Mama kwa mzee wa ukoo, nikaseme mwenyewe mbele yake kwamba maneno yalikuwa yangu. Nitaona aibu, na ninastahili.

Pampu inanguruma hapa pembeni yangu ninavyoandika. Ukungu haujaondoka. Ujumbe shemeji ameusoma, nimeona, zile alama mbili zimekuwa za bluu tangu saa kumi. Hajajibu.

Na mimi, mwenye shuku tangu kuzaliwa, nimeanza tena. Mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya mabomba ya mama yake, anaogopa nini kuja kumwona sasa hivi?