Mdhamini Wangu Ni Mzee Matano

Baba yangu,

Kabla sijakueleza habari yenyewe, nakuomba ubaki vivyo hivyo kwa ubavu wa kulia kama ulivyolazwa, usigeuke. Nimepata nafasi chuoni Kampala, kusomea ualimu. Hiyo ndiyo sehemu ya kukufurahisha. Sehemu ya pili ni kwamba aliyenidhamini nikapata mkopo wa masomo ni Mzee Matano. Ndiyo, huyo huyo jirani yako.

Najua ungesema nini. Ungesema, "Mejumaa, umekosa watu?" Naam, Baba, nilikosa watu.

Tangu ututoke ni miezi minane. Mama yu mzima, eda amemaliza, na sasa anauza mahamri pale kwenye feri. Huku mtaani kwetu Shika Adabu watu hawana mazungumzo mengine ila Uhuru. Bendera ya Mwingereza ingali juu, lakini wanasema mwaka hautakwisha kabla haijashuka. Ami Salimu anasema hayo hayamhusu. Ndugu yako unamjua, hakuna linalomhusu ila chakula cha mchana.

Barua ya chuo ilipofika, serikali ilikubali kulipa nusu ya gharama. Nusu iliyobaki nikaambiwa niombe mkopo katika ofisi ya elimu kule kisiwani, ng'ambo ya feri. Mama aliuliza swali moja tu: una riba? Hauna. Basi nikajaza fomu kwa ule mwandiko wangu uliokuwa ukiwaonyesha wageni. Palipoulizwa familia ina shamba gani, nikaandika bila wasiwasi: minazi kumi na miwili.

Karani, mtu wa bara, akasoma, akanitazama. "Wewe msichana, mimi nimeuliza shamba, wewe unaniandikia miti. Ardhi iko wapi?" Nikamweleza kwamba minazi ni yetu, ila ardhi iliposimama ni ya mtu mwingine. Alicheka mpaka akavua miwani. Wallahi, Baba, maisha yangu yote sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Kwetu mtu hurithi minazi ya babu yake, mwingine akajenga chini yake, na siku zinakwenda. Lakini ofisini mti usio na ardhi si kitu. Akanirudishia fomu, akaniambia nilete mdhamini mwenye hati ya ardhi kabla mwezi haujaisha, la sivyo mkopo atapewa mwingine.

Nilikuwa na siku kumi na moja. Ami hana hati, na hata angekuwa nayo, alishasema kumsomesha mtoto wa kike ni kumsomeshea mume wa watu. Mwalimu wangu ana hati kwao Rabai, ila ina ndugu saba wanaoing'ang'ania. Nani mwingine mwenye hati hapa mtaani? Unamjua. Ndiye yule ambaye minazi yetu imesimama uani mwake.

Mama ndiye aliyesema niende. Nililia, nikamwambia heri nikae nyumbani nikaange mahamri. Unakumbuka nilipokuwa na miaka kumi, uliponiketisha barazani na karatasi na wino, ukawa unakwenda huku na huku ukinitamkia mashtaka ya kumpelekea Mudiri, mwamuzi wetu wa serikali? "Andika: nazi zetu zikianguka, huziokota akasema ni zake. Andika: mtu huyu ni jeuri na hana haya." Nikakuuliza, niandike kweli kwamba hana haya? Ukasema, "Andika mara mbili." Nikaandika mara mbili. Kesi ukaishinda, na kwa miaka tisa nyumba mbili zilizotenganishwa na ua wa makuti hazikuombana hata chumvi.

Nilikwenda baada ya alasiri. Nilimkuta akitia jembe mpini. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Nikaeleza shida yangu yote nikiwa nimesimama. Akalilaza jembe chini. Kisha akasema taratibu, kwa moyo, kama mtu asomaye dua: "Mtu huyu ni jeuri na hana haya. Hana haya."

Nilitamani ardhi inimeze, na hata hiyo ardhi ilikuwa yake.

"Maneno yalikuwa ya babako," akaendelea. "Mwandiko ulikuwa wako. Mudiri aliisoma barua ile mbele ya watu, hakukwama hata mahali pamoja, nami nikajua nimeshindwa. Nilirudi nikamwambia mke wangu, wallahi, yule mwana akikomea kuandika magomvi ya wazee itakuwa hasara. Njoo keshokutwa asubuhi, twende."

Tukavuka kwa feri sote wawili, yeye kavaa kanzu yake ya Idi, hati kaifunga kwa kitambaa, kaishika kifuani. Karani akamwuliza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Jirani." "Jirani tu?" "Babake alinishitaki." Karani akavua miwani tena. Lakini aliandika, Baba, nami nilisimama nikasoma: ardhi ya Matano, yenye minazi kumi na miwili ya marehemu. Nyinyi wawili katika karatasi moja, na hakuna aliyegomba. Mzee akatia kidole gumba, na hati ikabaki ofisini mpaka nitakapomaliza kulipa. Nisipolipa, ardhi itauzwa, na nyumba yake i juu yake.

Wakati wa kurudi nilimwuliza kama haogopi. Akasema, "Ninaogopa. Soma."

Barua ya kukubaliwa mkopo ilifika Ijumaa. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimeposwa. Kesho nitapanda gari la moshi. Nina furaha ambayo haikai mahali pamoja, na hapo hapo nakukumbuka. Ungevuka nami mpaka stesheni, najua, na ungegombana na mchukuzi.

Jana nilikwenda kumuaga Mzee Matano. Akaniambia kuwa siku ya maziko yako hakufika kaburini kwa kuogopa watu watasema amekuja kuhesabu minazi. Alikusalia msikitini, safu ya nyuma kabisa, akatoka kabla ya wenziwe. Kisha akauliza, "Babako alikufa ana kinyongo nami?" Nawe hukuwahi kuniambia lolote, Baba. Mpaka unakata roho hukumtaja kwa heri wala kwa shari. Nikamtazama mzee yule, nikamwambia ulimsamehe zamani. Akafuta uso kwa kilemba, akaniambia niende nikapumzike, safari ni ndefu.

Nakuahidi nitasoma. Na nikianza kazi, nitalipa kila mwezi kabla sijajinunulia hata kanga, mpaka hati ile irudi mkononi mwake yeye mwenyewe akiwa hai. Sasa nakuaga, Mama ananiita nikafunge sanduku. Mungu akulaze pema. Lakini kama hukuwa umemsamehe mzee wa watu, msamehe leo hii, maana mimi nimeshasema.

Mwanao,
Mejumaa