Mnektarini Ubavuni mwa Nyumba ya Mama Mkwe

Kiogoro, Kisii

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha mlangoni, na lile goti limepunguza kukutesa. Mwambie mdogo wangu Sidi akusomee polepole, asiruke maneno kwa kuwahi mambo yake. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya juzi haikufaa kitu. Wewe ulisikia "mti umekatwa" ukaniuliza kama umemwangukia mtu, na mimi nikashindwa kupaza sauti mbele ya watu wa matanga. Mjukuu wako Kerubo hajambo, kikohozi kimemwacha. Mume wangu Mose amesharudi barabarani na lori la watu. Mimi nipo, Mama. Zaidi ya hapo sijui niseme nini.

Mama mkwe wangu amefariki, na tumemzika. Hilo najua ulilisikia. Ambalo hukulisikia ni habari ya mti, na nisipokueleza vizuri utadhani nililia kwa ajili ya matunda.

Unakumbuka nilipoolewa huku jinsi nilivyokuwa nikikupigia simu nikilia. Sikujua neno la Kikisii. Ulicheka sana nilipokwambia kwamba kwao mama huitwa "baba", na kwamba nilikuwa nikimtafuta mzee wa nyumba kila wanapomwita, kumbe mzee alikwisha kufa zamani. Lakini lugha haikunisumbua kama ardhi. Shamba la baba mkwe liligawanywa kwa wanawe, na kila mmoja akabaki na kipande ambacho ukikohoa, jirani anakuambia pole. Mose hayupo mara nyingi, na kila nilipogusa jembe nilisikia kwamba hapo ni pa fulani. Kipande chetu kilimezwa na nyumba, hata mchicha sikuwa na pa kupanda.

Siku moja nilipitia Suneka nikamkuta mwuza miche kando ya barabara. Alikuwa na mche mmoja wa nektarini uliounganishwa kwenye shina la pichi. Nektarini ni ndugu wa pichi, Mama, ila ngozi yake ni laini, haina vile vinyweleo. Nilikuwa nimeliona tunda hilo sokoni Kisii tu, limepangwa kama pambo, wala sijawahi kulionja. Nikanunua mche bila kujua nitauweka wapi. Nilipofika nao nyumbani, shemeji yangu mkubwa, Ombati, aliniuliza, "Sasa hii utapanda kwa paa?"

Mama mkwe alikuwa amekaa nje anachambua maharagwe. Aliinuka, akanishika mkono, akanipeleka ubavuni mwa nyumba yake, upande wa kushoto, mahali palipokuwa na nyasi tu. Kiswahili chake kilikuwa kifupi. Aliniambia, "Hapa ni yangu. Hakuna mtu atakuuliza. Wewe tumia, mimi nitachukua siku yangu."

Nilidhani anakusudia kujenga jiko. Nikasema ahsante, nikachimba shimo.

Huo mti ndio uliotufanya tuzungumze. Mvua za huku hazina huruma, na mwaka wa kwanza majani yalijikunja na kuvimba kama yameungua. Tukakaa tukiyachuma moja moja, yeye akiniambia jina la kila kitu kwa Kikisii na mimi nikimpa kwa Kiswahili. Alileta samadi ya ng'ombe wake kwenye karai, akaimwaga mbali na shina kama nilivyoelekezwa na mwuza miche. Nilipokata matawi ya katikati ili jua liingie, alikasirika, akaniuliza kama huko pwani tunapenda miti vilema. Baadaye yalipotoka maua ya rangi ya waridi, alikuwa akiwaita wanawake waliotoka sokoni waje waone. "Ni ya mke wa Mose," anawaambia. Mama, hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba nina kitu hapa.

Maua ya kwanza yaliangushwa na mvua ya mawe. Mwaka huu ndipo yaliposhika. Matunda yalisongamana, nikalazimika kupunguza madogo ili yaliyobaki yanenepe. Yeye aliyaokota yote niliyotupa, akayafunga kwenye khanga kana kwamba yatafufuka. Kisha nzi wa matunda walipoanza, tulivisha kila tunda mfuko wa karatasi wa unga. Mti wote ukawa mweupe. Kerubo akasema unasubiri harusi.

Basi, presha ikamwangusha asubuhi moja akitoka kukamua. Tulimkimbiza hospitalini mjini. Alikuwa anajua watu, lakini upande mmoja ulikuwa umekufa na maneno yalitoka nusu nusu. Nilimlisha uji kwa kijiko. Aliniuliza, "Zimeiva?" Nikamwambia bado kidogo, zimeanza kupata wekundu. Akafumba macho. Siku iliyofuata nilipofika na chupa ya chai, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Sasa sikiliza, Mama. Kabla ya mwili kutolewa mochari, Ombati alikuja na vijana wa kijiji, wamebeba majembe na panga. Mimi nilikuwa nasukuma kuni kwenye jiko la matanga. Nikamwona amesimama chini ya mti wangu, anapima ardhi kwa miguu.

"Shemeji," akaniita, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Hii mti inatoka."

"Kwa nini itoke? Si mchimbe pale nyuma?"

"Nyuma ni mteremko, maji inapita. Kulia ni mzee amelala. Mama analala kushoto kwa nyumba yake. Ndiyo desturi, na yeye mwenyewe alijua."

"Alijua nini?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Kwani hakukwambia? Hapa ndio pake. Tangu mzee azikwe, hapa ndio pake. Hata sisi watoto wake hatungeweza kupanda kitu hapa."

Nilikaa chini, Mama. Mwanamke yule hakuwa na kitu kingine cha kunipa, kila inchi ilikuwa na mwenyewe, akanipa kaburi lake nilitumie mpaka atakapolihitaji. Na mimi nilikuwa nimemshukuru kama mtu aliyeazimwa sufuria.

Mose alijaribu kunisaidia. Alisema tukate vijiti vya mti tumpelekee yule mwuza miche, atuunganishie mwingine. Nikamuuliza, tuupande wapi? Akatoka nje.

Niliwaomba vijana waningoje. Nikavua mifuko yote ya karatasi, nikachuma matunda. Yalikuwa magumu kama mawe, mashavu tu ndiyo yaliyokuwa mekundu kidogo. Kisha nikamwambia Ombati akate yeye mwenyewe, asimwachie mtu. Alikata taratibu. Nadhani alikuwa analia, maana alijifuta uso mara nyingi kwa jua dogo kama lile. Mizizi iliwasumbua sana, walichimba mpaka jioni. Yale matunda niliyafunika chumbani nikidhani yataiva. Yakasinyaa, na nilipouma moja lilikuwa chungu na kavu. Nikampa ng'ombe. Kwa hiyo mpaka leo sijui nektarini yangu ingekuwa na ladha gani.

Watu wamekwisha kwenda zao. Nyumba ya mama mkwe imefungwa kufuli. Ng'ombe amechukuliwa na Ombati, na sina wa kuzungumza naye kutwa ila Kerubo. Umeniuliza kama nitarudi kukaa kwako. Sitarudi sasa. Mtoto yuko shuleni, na mume wangu hana mwingine wa kumwashia moto. Lakini usifikiri ni kwamba nina raha.

Nisalimie Sidi na umwambie aache kubishana na mumewe mbele ya wapangaji. Nisalimie mjomba aliye Rabai, na shangazi yule aliyenifundisha kupika biriani, mwambie huku viungo vyake sivipati. Mpe pole yangu jirani yako mshona nguo, nimesikia habari za mwanawe.

Na mwisho, Mama, usiogope swali langu wala usidhani nakuombea mabaya. Wewe uko kwenye chumba cha kupanga, na kwetu Rabai hujalala kwa miaka mingi. Niambie kwa mdomo wako unataka kulazwa wapi siku yako ikifika. Nataka kulisikia kwako, nisije nikaambiwa na watu walioshika majembe.

Nakupenda, nakukumbuka kila ninapoamka.

Mwanao,
Rehema